Nyumba Isiyopita Motoni

Urambo
10 Machi, 1996

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Misunkumilo na kifua cha mama kimetulia. Mimi mzima, ila darasa la nne la mwaka huu litaninyoosha.

Nina habari mbili. Ya kwanza nzuri: uhamisho umekubaliwa. Januari ijayo nitakuwa mwalimu wa Mpanda, nyumbani. Ya pili naomba ukae chini ndipo uendelee kusoma.

Nataka kununua nyumba. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kupigilia msumari ukutani bila kumwomba mwalimu mkuu ruhusa. Nimechoka na nyumba za shule. Ipo moja pale Shanwe, ameijenga fundi Esteria Nyanzala chini ya ule mradi wa kutunza misitu. Matofali yake ni udongo wa kichuguu na saruji kidogo, yameshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayakuchomwa. Najua, baba. Usiitupe barua.

Chama chetu cha walimu kinamkopesha mtu anayenunua nyumba, lakini kwa Mpanda ni ile yenye cheti cha mradi tu, kwa sababu imekaguliwa na mtu asiyeiuza. Cheti hakisemi nyumba inapendeza. Kinasema hakuna tofali lililochomwa kwa ajili yake, mbao zilikatwa kwa kibali, maji ya bati yanaingia kwenye tangi, madirisha yanapitisha upepo, na kuta zilikaushwa taratibu kabla ya kubebeshwa paa. Na lipo sharti moja: mnunuzi naye alete mtu wake aitazame nyumba, kisha aandike Inafaa au Haifai na aweke sahihi.

Nimeandika jina lako. Mpanda nzima hakuna anayejua tofali kukuzidi.

Mwanao,
Scola


Misunkumilo, Mpanda
24 Machi, 1996

Mwanangu Scola,

Marahaba. Mama yako hajambo. Kifua kilikuwa kimetulia mpaka nilipomsomea barua yako kwa sauti, akacheka hadi kikamrudia.

Tofali halijaona moto! Loo! Mimi Lyamba nimechoma tofali za zahanati, za ghala la mahindi, na za nyumba ya padri. Nusu ya Shanwe inalala kwenye tanuri langu. Mtu akitaka kumuoza mwanawe anakuja kwangu kuulizia tofali kabla hajaenda kwa wakwe. Leo binti yangu, mwalimu, anataka kukaa ndani ya kichuguu. Mchwa ndio wenyeji wa huko, mama, wewe utakuwa mgeni wao!

Ungeniambia unataka nyumba ningewasha tanuri kesho yake. Kwa nini hukusema?

Huyo Esteria nimemsikia. Wanasema ana mkono mzuri. Mkono mzuri hauivishi udongo.

Nitakwenda kuitazama. Sijasema ndiyo. Nimesema nitakwenda.

Baba yako,
Lyamba, Mchoma Tofali


Urambo
7 Aprili, 1996, Pasaka

Baba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka kwenu nyote.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungewasha tanuri kesho yake. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye tanuri hilo. Siionei aibu hata kidogo, nawasimulia wenzangu humu ofisini mpaka wananiambia basi. Lakini nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaokota kuni na uyoga nyuma ya choo chetu. Likizo iliyopita nilifuatana na mama kutafuta kuni, tukatoka asubuhi tukarudi jua limepinda. Njia nzima sikuona mti wa mtundu wa kukumbatia, visiki tu. Sisemi ni wewe peke yako, baba. Nasema nyumba yangu isiongeze kisiki kingine.

Nakuomba uikague kama ungemkagulia mtu baki. Ukisema inafaa, nitanunua. Ukisema haifai, sitanunua. Neno lako ndilo la mwisho.

Scola


Misunkumilo
28 Aprili, 1996

Mwanangu Scola,

Marahaba. Nimekwenda Shanwe mara mbili, maana mtu mzima hakagui nyumba mara moja.

Nitasema haki. Msingi umeinuliwa vizuri, upenu ni mrefu, mvua haipigi ukuta. Kona nimezipima kwa timazi langu mwenyewe, zimenyooka kama askari wa gwaride. Ndani kuna ubaridi mtamu. Esteria alinipa kiti na maji ya kunywa, hakunisemesha sana. Mtu wa adabu.

Sasa kazi. Tofali lililoiva ukiligonga kwa lenzie linalia nglii, kama kengele ya kanisani. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na ndivyo ninavyochagua tofali miaka arobaini sasa. Lisilolia ni bichi, nalirudisha tanurini. Nikaomba tofali zilizobaki uani. Nikagonga la kwanza: bu. La pili: bu. Nimegonga kumi na mbili, mwanangu, zote bu, bu, kama unapiga gunia la pumba.

Nimeandika Haifai. Nimeandika na jina langu lote, Lyamba Kasunzu, kwa kalamu ya wino. Sikuandika kwa hasira. Ningependa uipate, ile nyumba ilinipendeza. Lakini siwezi kumlaza mwanangu kwenye tofali bichi.

Baba yako,
Lyamba, Mchoma Tofali


Urambo
15 Mei, 1996

Baba,

Shikamoo. Barua imefika. Nimelia kidogo, sikufichi. Nilikuwa nimeshapanga hata mahali pa kuweka kabati la vitabu.

Nimemwandikia fundi Esteria kwamba sinunui. Wenzangu hapa wanasema mzee wako ana wivu wa kazi, tafuta mtu mwingine akague. Nimewajibu kwamba baba yangu hajawahi kumuuzia mtu tofali bovu akamwambia ni zima, wala zima akamwambia ni bovu. Mjadala ukaishia hapo.

Asante kwa kwenda mara mbili.

Scola


Misunkumilo
30 Juni, 1996

Mwanangu,

Nimechelewa kuandika. Nisingekuwa na aibu ningeandika tangu mwezi wa tano.

Siku chache baada ya barua yako kumfikia, Esteria alikuja kwenye tanuri langu na baiskeli, nyuma amefunga tofali zake nne. Akanisalimia, shikamoo mzee. Nikaitikia. Akasema, "Sikuja kugombana. Nimekuja kukuomba uchague tofali lako moja, lile unaloliamini kuliko yote." Nikachagua la katikati ya tanuri, jekundu, linalia hadi raha.

Akaliweka juu ya mawe mawili kama daraja. La kwake akaliweka vilevile pembeni. Akasema, "Panda, mzee." Nikapanda la kwangu, likanibeba. Nikapanda la kwake, likanibeba. Akanipa mfuko wa saruji nibebe begani. Langu likakatika katikati, nikaanguka na mfuko wangu, mama yako akapiga kelele akidhani nimekufa. Nikasema ni bahati mbaya. Nikachagua jingine, likakatika. La kwake halikukatika. Nikalitia kwenye pipa la maji siku nne nzima. Nilipolitoa halikumong'onyoka hata pembe.

Esteria alipokuja tena nikamuuliza, mbona halilii? Akasema, "Sauti ni ya moto, mzee. Hili halijapita motoni, litalia na nini? Wewe umeligonga wakati ulitakiwa kulitwisha mzigo."

Nilikosea, Scola. Tofali lilikuwa zima nami nikakuambia bovu. Nilikimbilia Shanwe nikakuta nyumba imeshanunuliwa na Maiko mwenye duka la vipuri. Nikamwomba akuachie. Akacheka, akanionyesha kitanda chake kimeshaingia.

Basi nisikilize. Uwanja ninaoanikia tofali ni wako kuanzia leo, mwenyekiti ameshaandika. Esteria amekubali kukujengea hapo, akuuzie ikiisha na cheti chake. Mashine ataleta yeye. Kufyatua nitafyatua mimi. Ukikataa nitakuelewa.

Baba yako,
Lyamba


Urambo
14 Julai, 1996

Baba,

Shikamoo.

Nimekasirika. Barua yangu nimeichana mara mbili kwa sababu ilikuwa haina adabu. Mwezi mzima na zaidi ulijua, ukakaa kimya, mimi huku nawagombeza watu kwa ajili ya neno lako!

Kisha nikasoma tena pale ulipoanguka na mfuko, nikacheka peke yangu darasani. Na nikasoma pale uliposema ulikosea. Baba, sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwako tangu nizaliwe. Nimeliandika kwenye daftari na tarehe yake.

Nakubali. Ila fahamu chama kinafunga mikopo ya mwaka huu mwisho wa Novemba. Cheti kisipofika kabla ya hapo, sina mkopo, sina nyumba, na Januari nitashuka na mabegi yangu sijui yaelekee wapi. Mkaguzi ni Bwana Maximilian, na wanasema hapindishwi. Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu: mfuate Esteria anavyosema. Kwenye nyumba hii yeye ndiye fundi.

Mwanao,
Scola


Misunkumilo
1 Septemba, 1996

Mwalimu wangu,

Marahaba. Mikono inauma hadi kijiko kinanishinda. Ile mashine usiione hivi! Unajaza udongo, unafunga kifuniko, unaning'inia kwenye mpini kama unang'oa muhogo wa miaka mitatu. Siku ya kwanza nilifyatua sitini, Esteria akakataa arobaini. Nilimwaga maji mengi. Nikanuna. Siku ya pili akakataa kumi. Wiki iliyopita hakukataa hata moja, nikamwambia mama yako apike kuku.

Tofali zikitoka zinafunikwa kwa nyasi na kunyeshewa asubuhi na jioni kama mche wa kabichi. Watu wanakuja kutazama. Wanasema, "Lyamba kaacha kuni!" Nawaambia sijaacha, nimezipumzisha.

Kuta zimefika kwenye madirisha. Esteria alikwenda Kapalamsenga kumzika mjomba wake, akakaa wiki nzima huko. Nimeendelea na kazi ndogo ndogo, usiulize mengi.

Baba yako,
Lyamba


Urambo
15 Septemba, 1996

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea ofisi nzima, wanauliza kama kuku alibaki. Najivunia, baba, siwezi kueleza.

Kazi ndogo ndogo zipi?

Scola


Misunkumilo
20 Oktoba, 1996

Mwanangu,

Umeuliza, na mwezi mzima nimekwepa kujibu. Leo nimetoka misani nimeona niseme.

Kazi ndogo ndogo ni ukuta wa chumba chako, chini ya dirisha. Kozi nne, yaani mistari minne ya tofali. Ni tofali za kuchoma.

Unajua kwetu sisi wachomaji, mtoto akijenga, baba yake hutoa tofali za tanuri lake mwenyewe, zinawekwa upande ule mtoto atakaolaza kichwa. Baba yangu alinifanyia mimi, na babu alimfanyia yeye. Nilikuwa naiona nyumba yako inapanda, nzuri, imara, na ndani yake hamna hata tofali moja la tanuri letu. Nikaona kama nakupeleka kwa watu bila baraka. Basi nikakata mtundu mmoja, nikachoma tanuri dogo, na Esteria alipoondoka nikajenga zile kozi nne. Nikasiliba kwa udongo uleule, juu nikaendelea na za mashine. Aliporudi aliusifu ukuta. Wallahi, Scola, alivyousifu nilitamani ardhi inimeze.

Plasta inaanza Alhamisi. Bwana Maximilian anakuja mwisho wa mwezi. Ukuta ukishapigwa plasta hakuna jicho litakaloona. Nikinyamaza, una nyumba. Nikisema, huenda cheti kikakataliwa, na mkopo ukaenda na cheti. Nilishakukosesha nyumba moja kwa kutojua. Hii ya pili naogopa kukukosesha kwa kusema.

Nyumba ni yako. Niambie nifanye nini.

Baba yako


Misunkumilo
24 Oktoba, 1996

Scola,

Nimeshindwa kusubiri jibu lako.

Leo asubuhi Esteria alikuwa ameshachanganya plasta, amechota mwiko wa kwanza, anaelekea dirishani kwako. Nikamwambia, fundi, simama. Nikamweleza yote. Aliuweka mwiko chini. Akasema, "Mzee, jina langu ndilo lingekuwa kwenye hicho cheti." Basi. Afadhali angenitukana.

Nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisi ya mradi kwa miguu yangu. Bwana Maximilian alikuwa anakula muhogo. Nikamwambia mkosaji ni mimi, Esteria hakujua, na binti yangu hakujua. Akaandika kila neno. Akauliza mti nimekata wapi. Nikamwambia. Kisha akasema, "Ningelikuta mwenyewe, pale nyumbani kwako nisingerudi tena. Kwa kuwa umelileta, toa kozi zote nne, jenga upya na tofali zilizokomaa, usipige plasta mpaka nione." Na pale nilipokata mmoja nipande thelathini niitunze. Kama nitawahi mwisho wa Novemba, hakuahidi.

Nimeanza kubomoa leo hii. Unategemeza juu kwa magogo, unatoa chini tofali moja moja. Esteria ameshika upande wa pili. Hatusemeshani bado, ila ameshika.

Sijui kama tutawahi. Nisamehe mapema.

Lyamba


Urambo
28 Oktoba, 1996

Baba,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya tarehe ishirini sasa hivi, na naandika nimesimama stesheni ili iondoke na treni ya leo.

Sema. Mwambie Esteria, mwambie Bwana Maximilian, kabla plasta haijaanza. Na kama imeshaanza, ibandue useme.

Sitaki cheti cha uongo. Karatasi ile haina kazi nyingine ila kumwambia mtu asiyeiona nyumba kwamba ndani ya ukuta mna kile tulichosema mna. Ikidanganya kwangu, itamdanganya na atakayenunua baada yangu.

Chama kikifunga, kifunge. Nitapanga chumba. Nitalala kwa mama jikoni, sitakuwa wa kwanza.

Zawadi yako nimeipokea, baba. Nimeipokea kwa mikono miwili, na nimelia hapa watu wakiniangalia. Ukuta ndio siukubali.

Haraka, tafadhali.

Scola


Urambo
8 Desemba, 1996

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua zetu zilipishana njiani. Mimi niko stesheni nakuhimiza useme, wewe uko juu ya magogo unabomoa. Niliposoma ya tarehe ishirini na nne nilimwonyesha mwalimu mkuu tarehe, nikamwambia, angalia, hakungoja kuambiwa na mtu. Kisha ukaninyima habari mwezi mzima! Nilikuwa silali.

Tarehe ishirini na tisa Novemba, siku moja kabla ya kufunga, katibu wa chama aliniita. Nakala ya cheti ilikuwa imeletwa na Bwana Maximilian mwenyewe, alipanda treni hadi huku. Katibu akanipa nisome, maana mkopaji lazima asome kwa sauti mbele ya kamati. Nikasimama. Nikasoma: hakuna tofali lililochomwa katika kuta za nyumba hii. Nikasoma kwamba kozi nne za chumba cha mashariki, ndicho changu, zilibomolewa na kujengwa upya kwa taarifa ya mjenzi mwenyewe, nikaona wanakamati wanatikisa vichwa, lakini ni kwa kukubali. Nikasoma mbao, tangi, madirisha. Sauti ilikuwa imara kabisa.

Halafu nikafika chini, penye majina. Hukuniambia, baba. Mwezi mzima huo na hukuniambia! Bwana Maximilian anasema Esteria alitaka muandikwe mafundi wawili, na wewe ndiye uliyekataa, ukamwonyesha Bwana Maximilian kwa kidole mahali pa kuandika na ukataka asome alichoandika.

"Fundi: Esteria Nyanzala. Mwanafunzi wake: Lyamba Kasunzu, miaka sitini na tatu."

Sikuweza kuendelea. Katibu akaniuliza, mwalimu, huyu mwanafunzi ni nani wako? Nikafuta macho, nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi nje, kwamba ni baba yangu mzazi.

Mwanao,
Scola Lyamba